Sura ya Sita: Ondoa Kizuizi, Bakiza Jasho

Mwezi Novemba 1896, W. Pringle Morgan, daktari wa mji wa Seaford kusini mwa Uingereza, alichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyu alikuwa mchangamfu na hodari wa michezo, na hakupungukiwa na kitu mbele ya wenzake isipokuwa kimoja: kusoma kulimshinda. Alikuwa amefundishwa tangu ana miaka 7, shuleni na kwa walimu wa nyumbani, lakini hata maneno mafupi bado yalimgomea. Jina lake mwenyewe aliliandika Precy na asione kosa. Alipoambiwa azidishe 749 kwa 867, alizidisha upesi na akapata. Mwalimu aliyekuwa amemfundisha kwa miaka kadhaa alieleza kuwa kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, hakuna kijana shuleni pale ambaye angempita Percy kwa akili.

Siku hizi hali ile tunaiita disleksia. Lakini kinachonivuta zaidi katika habari hii ni mwalimu. Alikwisha kuona kwamba akili ipo, akaona pia kinachoizuia. Lililobaki lilikuwa kupanga masomo kwa kufuata alichokiona, na hapo ndipo shule nyingi hukwama mpaka leo.

Katika madarasa yetu kuna vipanga na kuna vilaza, na majina hayo hugawiwa mapema. Mtoto akishapewa la pili, ushauri anaoupata ni mmoja tu: ongeza bidii. Naye huongeza kweli. Anausoma ukurasa uleule mara ya tatu, ananakili notsi upya kwa kalamu ya rangi nyingine, anakesha kuelekea mtihani wa moko, na matokeo yakija jina lake liko palepale mkiani. Sura hii ni ya mwanafunzi huyo, na ya mzazi na mwalimu wanaomtazama wakishindwa kuelewa bidii yake inakwenda wapi.

Kanuni ya sura nzima ni hii: mbinu nzuri huondoa kizuizi kilichopo kati ya mwanafunzi na somo, lakini haiondoi kazi ya kufikiri na kukumbuka. Asiyeondoa kizuizi anamwadhibu mtoto. Anayeondoa kizuizi pamoja na kazi anamstarehesha tu, na starehe hiyo huisha chumba cha mtihani kinapofunguliwa.

Mwanafunzi wa kuona, wa kusikia, wa kutenda

Kuna mafundisho yaliyoenea sana katika semina za walimu na za wazazi: kwamba kila mtoto ana mtindo wake, huyu ni wa kuona, yule ni wa kusikia, yule mwingine ni wa kutenda, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Yanavutia kwa sababu yanamheshimu mtoto. Tatizo ni kwamba yalipopimwa hayakusimama. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta ushahidi kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuwafanya walimu wapange masomo kwa namna hiyo.

Hili si suala la wasomi peke yao. Mtoto mwenye disleksia anaposomewa kwa sauti, hasomewi kwa sababu yeye ni "mtu wa kusikia". Anasomewa kwa sababu kuzitambua herufi kunammalizia nguvu zote, na maana ya sentensi inakosa nafasi kichwani. Ukilijua hilo, unajua pia pa kuishia: ramani haina haja ya kusomewa, mchoro wa moyo hauna haja, hesabu zisizo na maneno hazina haja. Ukimwita "mtu wa kusikia", utamsomea kila kitu, na kusoma kwenyewe hatakuzoea kamwe.

Na kabla ya kuliendea jina lolote la kitaalamu, mtoto apimwe macho na masikio. Wako wanaoitwa wazito ilhali hawaoni maandishi ya ubaoni. Wako pia walioumwa masikio kwa muda mrefu utotoni, na mpaka leo nusu ya maneno ya mwalimu hayawafikii. Miwani haitibu disleksia, lakini disleksia nayo isisingiziwe kosa la macho.

Kidato cha kwanza, herufi zinapogeuka

Kiswahili kimemfanyia msomaji wake hisani kubwa: herufi hutamkwa karibu vilevile popote zilipo. Anayejua silabi anaweza kulisoma hata neno asilowahi kulisikia. Kiingereza hakina hisani hiyo. Herufi nne, ough, zinatamkwa namna moja katika though, nyingine katika through, nyingine tena katika cough.

Tofauti hiyo ina uzito kwa watoto wenye disleksia. Mwaka 2001 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Eraldo Paulesu kilichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao huandikwa kwa unyoofu kama yetu, walisoma vizuri kuliko wale wengine. Lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu uleule kwa wote. Hali ni moja. Maandishi ndiyo yanayoamua itaonekana kiasi gani.

Sasa mfuate mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania. Anasoma kwa Kiswahili. Polepole, akifuata kwa kidole, lakini anasoma. Mwalimu anasema hana haraka, basi. Anaingia kidato cha kwanza, na ghafla biolojia na jiografia viko kwa Kiingereza. Kizuizi kilichokuwa chembamba kinanenepa kwa muhula mmoja. Nyumbani wanasema amevurugwa na marafiki.

Mtoto huyu anafanyaje na ukurasa wa photosynthesis? Asianzie mstari wa kwanza. Aanze na mchoro, na mtu amweleze kwa Kiswahili, dakika chache tu, ukurasa unahusu nini: mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Kisha achague maneno magumu yasiyozidi manane, ayakate vipande na kuyatamka: pho-to-syn-the-sis. Akiwa anatamka, aandike kwa kidole mezani au kwa chaki sakafuni. Samuel Orton na Anna Gillingham waliianza njia hii ya kuunganisha jicho, sikio na mkono huko Marekani katika miaka ya 1930, na walimu wa watoto wenye disleksia wanaitumia hadi leo. Baada ya hapo mwenzake amsomee aya moja kwa sauti, yeye akifuata mstari kwa rula.

Aya ikiisha, kitabu kinafungwa. Hapa kizuizi kimeondoka, na jasho linaanza. Anamweleza mwenzake kwa Kiswahili alichokisikia, bila kuchungulia, halafu anajaribu sentensi moja ya Kiingereza kwa kutumia maneno yale manane. Akikwama, anafungua kitabu, anatafuta, anafunga tena. Wakimaliza aya nne kwa namna hiyo, wamefanya kazi kuliko waliosoma sura nzima kimyakimya. Mwenzake naye hakupoteza muda, kwa sababu kusikiliza maelezo na kuyasahihisha ni kujifunza pia.

Anayekaa nyumbani na ana simu anaweza kurekodi usomaji huo na kuusikiliza tena akiosha vyombo. Aliye bweni, ambako mara nyingi simu hairuhusiwi, anamhitaji huyo mwenzake zaidi.

Kitendawili! Tega!

Kufunga kitabu ndiyo mbinu yenye nguvu kuliko zote zilizomo katika sura hii, na ndiyo inayochukiwa kuliko zote. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja, na katika vipindi vitatu vilivyofuata likaandika kwa kichwa kila lililokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojiuliza walibaki na 61.

Namba hizo zinaeleza mengi kuhusu usiku wa kuamkia mtihani. Kurudia kusoma kunampa mwanafunzi hisia kwamba anajua, kwa sababu maneno yanamjia kwa wepesi. Kujiuliza kunamwacha na hisia kwamba hajui, kwa sababu anahangaika. Mwanafunzi ambaye ameitwa kilaza kwa miaka huiogopa hisia hiyo ya pili, kwa hiyo hukimbilia kunakili, kazi ndefu isiyomuumbua.

Sisi tulikuwa na dawa ya hofu hiyo zamani. Mtegaji wa kitendawili haanzi kwa kusoma jibu. Swali linatangulia, watu wanajaribu, wanakosea, wanacheka, na wakishindwa kabisa wanatoa mji ndipo wapewe jibu. Kukosea ni sehemu ya mchezo. Dada anaweza kumtegea mdogo wake biolojia jikoni vilevile:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu ina vyumba vinne. Damu isiyo na oksijeni huingilia kulia, yenye oksijeni hutokea kushoto."

"Moyo!"

"Haya, mlango wa mwisho wa kutokea kushoto, damu inashika njia gani?"

"Mmh. Nakupa Tabora."

"Nimekwenda Tabora, nimekula, nimeshiba. Jibu ni aota."

Kesho yake swali la aota linarudi, na keshokutwa tena, mpaka Tabora isihitajike.

Watoto wa chuoni Lamu na Unguja wanaijua kanuni hii kwa njia nyingine. Wanaohifadhi Kurani huisoma mbele ya mwalimu kwa moyo, sehemu mpya pamoja na za zamani, na walichokihifadhi wakikiacha bila kukidurusu kinawatoka. Ni kukumbuka bila kuangalia, na kurudia kwa vipindi.

Kwa anayeshindwa na maandishi marefu, ushairi nao ni msaada mkubwa, alimradi atunge mwenyewe. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina kinachoshika shairi zima. Mwanafunzi aliyeelezwa photosynthesis anaweza kuleta hivi:

Mwanga wa jua ukiwa,
Na maji yakipokewa,
Kaboni ikitwaliwa,
Jani hupika sukari.

Si ushairi wa kushindanishwa, lakini mtazame mwalimu anavyoweza kuutumia. Oksijeni haimo. Kaboni imetajwa kwa kifupi, wakati kinachoingia kwenye jani ni gesi ya kabonidayoksaidi. Mwalimu anamwagiza atunge ubeti wa pili unaosema nini kinatoka na kinatokea wapi. Ili apate mizani nane, itamlazimu aamue lipi ni la lazima na lipi la kuacha. Kuamua huko ndiko kujifunza. Angepewa shairi lililokwisha kutungwa, angebaki na jambo jingine la kukariri.

Njia ya kupanga marudio ni rahisi. Mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner aliieleza katika kitabu chake cha 1972, akitumia kadi na kisanduku chenye vyumba. Bahasha tatu zinatosha. Kata daftari la zamani kuwa kadi, mbele andika swali, au chora kama maandishi yanakusumbua, nyuma weka jibu. Bahasha ya kwanza hujibiwa kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Ukipata, kadi inapanda bahasha. Ukikosa, inarudi ya kwanza. Hivyo muda mwingi unakwenda kwa usilolijua, wakati desturi ya wengi ni kurudia wanachokijua kwa sababu kinafurahisha.

Asiyetulia kitini

Mwanafunzi mwenye ADHD, hali ya kushindwa kutulia na kukaza fikra, shida yake ya msingi si herufi. Kinachomsumbua ni kushika jambo moja mpaka liishe. Saa mbili za prepo kwake ni ndefu mno: dakika kumi anasoma, kalamu inaanguka, anaiokota, anaona daftari la mwenzake, na mada imeshampotea. Kumtambua na kumwandikia dawa ni kazi ya daktari. Kupanga saa hizo mbili ni kazi yake mwenyewe na ya waliomzunguka.

Anachokikosa ndani awekewe nje. Badala ya "nasoma kemia", aandike kwenye karatasi: "Maswali manne ya kusawazisha milinganyo, halafu nasimama." Kazi sasa ina mwisho unaoonekana. Mwanafunzi wa Kiitaliano Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980, alijiwekea vipindi vya dakika 25 na mapumziko mafupi kati yake, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Hakuna siri katika 25. Mwanafunzi wa kidato cha pili aanze na 10 kama ndizo anazoziweza, na aongeze polepole. Muhimu ni kwamba mapumziko yana muda wake pia, na simu haimo mle chumbani.

Kuhusu kutulia, watu wazima tumezoea kuamini kwamba asiyekaa kimya hasikilizi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 na Dustin Sarver, Mark Rapport na wenzao uliwapa wavulana wa miaka 8 hadi 12 kazi za kushika mambo kichwani huku mienendo yao ikirekodiwa. Wavulana wenye ADHD walipojitikisa zaidi, walifanya vizuri zaidi. Wasio na ADHD ilikuwa kinyume. Kwa hiyo amri ya "kaa vizuri" inaweza kumwondolea mtoto kile kinachomsaidia kushika. Apewe nafasi ya nyuma asimame pasipo kuwaziba wenzake. Nyumbani atembee ukumbini akijieleza kwa sauti, au afanye hesabu kwa chaki ukutani. Kazi ya kemia iko vilevile; kiti tu ndicho kilichoondolewa.

Namba zisizo na sura

Wapo wanaosoma bila taabu lakini namba kwao ni alama tupu. Hali hiyo huitwa diskalkulia. Hapa kosa la kawaida ni kurukia jedwali la kuzidisha kabla mtoto hajaiona namba ikiwa vitu. Jerome Bruner aliandika mwaka 1966 kuhusu safari ya ujuzi kutoka kutenda, kwenda picha, kwenda alama, na walimu wetu wanaohesabisha kwa vizibo vya soda wako kwenye njia hiyo. Tatizo ni kwamba vizibo huachwa darasa la pili, kana kwamba wa darasa la sita ataaibika navyo.

Asiyeshika 7 mara 8 aulizwe 7 mara 7. Akiijua 49, aongeze 7 nyingine, apate 56. Asiyeweza kutoa 650 kwenye 1,000 kwa kukopa, afanye kama muuza genge anavyorudisha chenji: kutoka 650 mpaka 700 ni 50, kutoka 700 mpaka 1,000 ni 300, jumla 350. Akiulizwa kwa nini jibu ni hilo, ataeleza. Wengi wanaokopa kwa mazoea hawawezi.

Kujua la kuomba

Mbinu zote hizi humfikisha mwanafunzi mahali ambapo anamhitaji mtu mwingine, na namna ya kuomba ina uzito. Mzazi akienda shuleni na kusema, "Mwalimu, naomba mumsaidie mwanangu," mwalimu mwenye wanafunzi themanini atajibu kwa upole na hakuna kitakachobadilika. Hajui asaidie nini. Mwanafunzi aliyejichunguza anaweza kuomba jambo linalotekelezeka:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, nikisoma maswali mwenyewe muda unaniishia kabla sijajibu. Naomba kwenye jaribio la Ijumaa Rehani anisomee maswali mara mbili. Majibu nitaandika mwenyewe."

Ombi hilo lina pande mbili, na upande wa pili ndio unaolipa nguvu. Amesema anachotaka aondolewe, akasema pia anachobaki nacho. Mwalimu haoni upendeleo hapo. Kwa mitihani ya taifa, mabaraza ya Tanzania na Kenya yana utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kama maandishi ya nukta nundu, maandishi makubwa na muda wa nyongeza. Mzazi amuulize mkuu wa shule mapema, mtoto akiwa bado mbali na darasa la mtihani, anachostahili mtoto wake na vielelezo vinavyotakiwa.

Kisha pimeni. Kila mwisho wa wiki chagueni maswali matano ya mada iliyosomwa wiki iliyotangulia, daftari likiwa limefungwa, na andikeni aliyoyapata. Msipime saa alizokaa mezani wala kurasa alizojaza. Majibu yakiongezeka, endeleeni. Yasipoongezeka wiki hadi wiki, ulizeni mawili: je, kizuizi tulichokiondoa ndicho kilichokuwa kinamzuia? Na je, tulipokiondoa, tulimwondolea na kazi? Wiki inayofuata ipangwe kwa majibu ya maswali hayo mawili.